Neno Nililompa Padre

Padre alinikuta nimekaa kwenye baraza ya chuo changu cha Kurani, Mwembesongo, nachonga kalamu za matete. Watoto nilikuwa nimeshawaruhusu, na mbao zao za kuandikia zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikauke. Alishuka kwenye punda wake, akanisalimu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha Wajerumani wote wa Boma, kisha akasema ameambiwa kwamba mimi ni mtu wa milimani niliyesoma dini ya pwani, na mtu wa namna hiyo ndiye anayemtafuta.

"Nimekosa nini?" nilimwuliza, maana siku zile Mzungu hakukutafuta kwa heri.

"Hukukosa kitu. Natafuta maneno," alisema.

Alikuwa anaandika kitabu cha maneno ya dini. Si sala, si habari za mitume, bali maneno yenyewe, moja moja: roho, dhambi, toba, neema, sadaka. Alitaka kila neno la kwao lipate mwenzake wa Kiswahili, kisha mwenzake wa Kiluguru, ili mapadre wanaokuja wapya wasiseme jambo moja na watu wakasikia jingine. Yeye mwenyewe, katika mwaka wake wa kwanza, alihubiri juu ya Roho Mtakatifu mpaka jasho likamtoka, na alipomaliza mama mmoja akamfuata kumpa pole na kumwuliza anaumwa roho tangu lini, maana kwa yule mama roho ilikuwa koo.

Nilicheka. Naye alicheka. Nilikubali kazi siku ileile.

Inanipasa kusema nilikuwa nani wakati huo. Nilizaliwa juu ya Bigwa, mwendo wa nusu siku kupanda, katika kijiji cha ukoo wa mama yangu, kwa sababu kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mkubwa wa ukoo alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Yeye ndiye aliyetambika kwa niaba yetu sote: mvua ikichelewa, mtoto akiugua, mtu akitaka kufungua shamba jipya, mjomba aliingia katika msitu walikozikwa wazee wetu, akamimina pombe na unga, akasema nao. Na kwa desturi yetu mpwa ndiye anayemrithi mjomba. Mpwa mwenyewe nilikuwa mimi. Lakini nilipobaleghe nilishuka na wachuuzi wa tumbaku hadi pwani, nikakaa kwa mwalimu miaka saba, nikarudi Morogoro na kanzu, msahafu na hati nzuri. Mama alipofariki nilipata habari zikiwa zimechelewa kwa mwezi mzima. Nilimsomea Yasini chuoni kwangu. Sikupanda mlimani.

Mjini waliniheshimu mbele ya uso wangu. Nyuma yangu waliniita mshenzi aliyevishwa kanzu. Nilikuwa nayasikia, na yaliniuma kuliko nilivyotaka kukubali.

Basi mara tatu kwa juma, baada ya sala ya adhuhuri, nilitembea hadi misheni, tukakaa na Padre penye veranda inayoutazama mlima. Alikuwa amepiga mistari kwenye karatasi zake, safu tatu kila ukurasa. Safu ya kwanza ilikuwa ya maneno ya kwao, ya pili ya Kiswahili, ya tatu ya Kiluguru. Mimi nilisema, yeye aliandika. Sijapata tena katika maisha yangu kazi iliyonipa raha kama ile.

Siku moja alitaka neno la mtu aliyetolewa katika maangamizi. Nikamweleza juu ya mwanamke aliyechukuliwa na mto Morogoro wakati wa masika akanasa kwenye mizizi ya mkuyu, na watu walivyokuwa wakipeana habari njiani: kaokoka, kaokoka. Padre aliweka kalamu chini, akalirudia neno lile polepole kama mtu anayeonja asali. Siku nyingine tulishinda na neno moja tu, takatifu. Nilimwambia kwamba kutakata ni kwa nguo iliyofuliwa ikaanikwa, na kwa mbingu baada ya mvua, na kwa uso wa mtu asiye na hila. Alisema katika lugha yao neno hilo halina maji ndani yake, na kwamba letu ni bora.

Tuligombana pia. Alipofika kwenye nafsi tatu katika Mungu mmoja nilimwambia kwamba mdomo wangu hautalitaja, kwetu hiyo ni shirki.

"Sikuombi uamini," alisema. "Nakuomba neno."

"Nitakupa neno la hesabu ya tatu. La kuwafanya watatu kuwa mmoja utalitunga mwenyewe."

Akaandika utatu, akanishukuru, akanimiminia kahawa. Tuligombana hivyo bila chuki.

Alipotaka kujua na wengine wanasemaje, alinituma kwa Banyani mmoja mwenye duka la nguo na viungo karibu na soko. Yule Banyani alikuwa mtu mpole, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwuliza roho kwao ni nini, akaniambia ni atma, na kwamba haifi, huingia mwili hata mwili. Nikamwuliza wokovu, akafikiri, akasema kwao neno ni moksha, lakini si kuokolewa na mtu, ni kufunguliwa, kama mfungwa anavyofunguliwa, usirudi tena. Nilirudi na maneno hayo kwa Padre kama mwindaji anayerudi na swala begani. Aliyaandika pembeni mwa ukurasa.

Ndivyo nilivyozoea. Kila neno alilouliza, nilikuwa na jibu. Safu ya tatu ilijaa kama ya pili, na Padre alikuwa akiwaambia wenzake, mimi nikisikia, kwamba hapajapata kuwa na mtu kama huyu mwalimu. Kusifiwa kulinipanda kichwani. Nasema hivi sasa kwa kuwa wakati ule sikujua.

Tukafika kwenye maneno ya uovu. Safu ya Kiswahili haikuwa na shida: shetani, ibilisi, jini, pepo mchafu. Padre akahamisha kalamu kwenye safu ya tatu, akangoja.

"Na milimani, shetani anaitwaje?"

Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nilitafuta utoto wangu wote na sikumwona humo adui wa Mungu mwenye jina. Wachawi walikuwapo, lakini wachawi ni watu. Ilinipasa kusema hakuna, uache wazi. Lakini nilikuwa sijawahi kuacha mahali wazi katika karatasi zile. Na kulikuwa na jambo jingine moyoni. Nilikuwa mwalimu wa chuo, nimefundishwa pwani kwamba kuwaendea wafu makaburini kwa pombe ni kazi ya shetani, na nilitaka Padre aone kwamba mimi si mmoja wao.

"Andika mizimu," nilisema.

Padre alinitazama. "Una hakika? Nilidhani mizimu ni wazee wao waliokufa."

"Nina hakika. Ni mashetani wanaojifanya wazee."

Akachovya kalamu, akaandika. Ilichukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Tukaendelea na neno lililofuata, nalo sasa silikumbuki.

Kitabu kilipelekwa pwani kupigwa chapa, kikarudi baada ya mwaka na kitu, kidogo, jalada la kijani. Padre alinipa nakala yangu na kunionyesha ukurasa wa mwanzo, aliposhukuru mwalimu mmoja wa mji, mwenyeji wa milima ya Uluguru. Nakala nyingine zilipelekwa kwa walimu wa dini katika makanisa madogo ya milimani. Nilikiweka changu juu ya rafu pamoja na vitabu vya fiqhi na nilikuwa nikikitazama nikiwa nafundisha.

Miezi michache baadaye alikuja dada yangu. Namwita dada kwa kuwa ni binti wa dada mdogo wa mama. Kwetu huyo ni dada kamili. Kwa miaka michache sasa alikuwa akishuka kila siku ya soko na ndizi na magimbi, na kwa kawaida alipita kwangu akiwa amemaliza kuuza. Siku hiyo alikuja asubuhi, mzigo wake ukiwa bado kichwani, na hakuutua.

"Mjomba amepigwa," alisema. "Hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano."

Aliniambia yote akiwa amesimama. Watu wa kanisa la kule juu walitaka kuezua nyasi na kujenga kanisa la kudumu, lenye boriti. Miti mikubwa iliyokuwa karibu ilikuwa ya msitu wetu tu. Mwalimu wa dini wa pale alikwenda kwa akida, akamwomba ruhusa, na akida akauliza kama msitu una mwenyewe. Mwalimu akajibu kwamba hauna mwenyewe ila mashetani, na akamsomea kitabuni. Akida akaruhusu. Walipofika na mashoka, mjomba alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea mti wa kwanza, akakataa kuondoka. Akida akaletewa habari kwamba kuna mzee anaizuia amri ya serikali, akatuma askari wawili. Wakamlaza palepale.

"Ana umri gani mjomba?" niliuliza, kama mjinga, kana kwamba hilo ndilo jambo.

"Unamjua," dada alisema. Akageuka akaenda sokoni na ndizi zake.

Nilipanda siku ileile. Nilikuwa sijaipanda njia ile kwa miaka mingi na miguu yangu ya mjini ilichoka mapema. Juu ya Bigwa ukungu ulianza, na baridi, na harufu ya migomba iliyolowa. Kabla sijaona kijiji nilisikia mashoka. Msitu uliokuwa ukisimama mweusi juu ya nyumba zetu ulikuwa umepasuka katikati, na mbingu ilionekana mahali ambapo haikupata kuonekana.

Mjomba alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, mgongo umefunikwa majani yaliyotwangwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa upande huu, siwezi kugeuza shingo."

Nilikaa. Aliniuliza habari za mjini, za chuo, za mvua. Nilijibu.

"Walisoma kitabu mbele ya miti," alisema. "Yule mwalimu alisema kimeandikwa na Padre pamoja na mtoto wa hapahapa. Nilimwambia si kweli. Akataja jina lako."

"Ni kweli, mjomba."

"Basi nataka nikuulize, kwa sababu wewe umesoma, mimi sikusoma. Mzimu ni nini?"

Jibu la chuoni lilikuwa kinywani, nikalimeza.

"Nitakwambia mimi," alisema. "Mzimu ni mtu. Ni mtu aliyekufa ambaye bado ni wetu. Bibi yako yuko humo msituni. Mama yako yumo humo, huu mwaka wa tisa, mimi ndiye niliyemzika. Sasa niambie, ulipomwandika mama yako, ulimwandika safu gani?"

Sijui alijuaje juu ya safu. Pengine mwalimu wa dini aliwaonyesha ukurasa.

"Sikumfikiria, mjomba."

"Najua. Ungemfikiria usingeandika."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata pa kushika. Niliinama nikaweka paji la uso kwenye mkeka wake, nikamwomba anisamehe.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Mgongo ni wangu. Lakini kwa niaba ya mama yako siwezi kukusamehe. Nenda mwenyewe."

Dada alinionyesha kaburi, maana sikulijua. Lilikuwa pembeni, upande ambao mashoka hayajafika, na gogo moja lililoangushwa lilikuwa limelala karibu na miguu yake. Nilisimama pale na kanzu yangu imelowa hadi magotini. Nilikuwa nimekusanya maneno ya toba katika lugha nne. Nilijua tofauti ya msamaha na maghufira, ya kutubu na kujuta, na nilikuwa nimemfundisha Padre tofauti hizo zote. Pale kaburini hakuna hata moja lililotoka. Nilisema tu, "Mama, ni mimi. Nimekosea." Kisha nikapiga magoti nikaanza kung'oa majani kwa mikono, nikang'oa mpaka udongo ukabaki mtupu, huku chini yangu mafundi wakichonga boriti.

Asubuhi nilishuka moja kwa moja hadi misheni. Padre alikuwa bustanini anapanda kabichi. Nilimwambia yote, nikamwambia pia kwamba siku ile sikuwa na hakika, nilisema uongo kwa sababu sikutaka safu ibaki wazi.

Aliinuka, mikono ina udongo. "Mimi nilikuwa na shaka," alisema. "Nilikuuliza mara moja. Ilinipasa kukuuliza mara ya pili, lakini nami nilitaka ukurasa uishe." Akanawa, akaingia ndani, akarudi na fimbo na kofia. "Twende kwa mjomba wako."

Nilimwambia njia ni ngumu, na yeye alikuwa akisumbuliwa na homa. Akatangulia. Tulipanda mpaka jioni, akipumzika kila penye jiwe. Alipita kwanza palipokuwa na mashoka, akamwambia yule mwalimu wa dini kazi isimame. Ikasimama, ingawa miti mikubwa iliyobaki mtu angeihesabu kwa vidole. Kisha tukaingia kwa mjomba.

Mjomba aliagiza Padre aletewe kigoda. Alikuwa sasa anaweza kulala kwa ubavu. Padre hakukikalia kile kigoda, alikaa chini kama mimi.

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Sikuamuru upigwe, lakini kitabu ni changu."

"Karibu," mjomba alisema. "Baba yako yu hai?"

"Alikufa nikiwa huku."

"Unamkumbuka?"

"Namwombea kila siku asubuhi, ninapotoa sadaka ya misa."

Mjomba alifikiri. "Unamwombea, au unamwomba?"

Padre alikuwa mtu wa maneno, na niliona jinsi swali lilivyomwingia. Herufi moja tu ndiyo iliyoongezeka, na kitabu chote kilikuwa kimesimama juu yake.

"Baba namwombea," alijibu polepole. "Yuko toharani labda, anasafishwa, ananihitaji. Lakini wapo wengine wetu waliokufa ambao tunawaomba. Tunawaita watakatifu. Tunawaomba watuombee kwa Mungu."

"Na sisi je? Unadhani tunawaomba wazee wetu watupe mvua yao? Mvua si yao. Mvua ni ya Mulungu. Mulungu yuko mbali, sisi ni wadogo, tunawaambia waliotutangulia watusemee." Alikohoa, akashika ubavu. "Huyu mtoto angeweza kukueleza. Alikuwa akinishikia kibuyu nikitambika, kabla hajaota ndevu. Lakini hukumwuliza hivyo."

"Hapana," Padre alisema. "Sikumwuliza hivyo."

Hawakukubaliana, msidhani walikubaliana. Padre alisema pombe na unga hawezi kuviruhusu kwa watu wake, na mjomba akasema watu wake ni watu wa mjomba pia. Lakini waliongea mpaka dada akaleta chakula, na Padre akala magimbi kwa mkono mmoja na mjomba akalishwa. Wakati wa kuondoka Padre alitoa nakala yake mfukoni, akaufungua ukurasa ule, akalikata neno kwa kalamu ya risasi mbele ya macho yetu.

"Na vile vingine?" mjomba aliuliza. "Vilivyokwisha kwenda?"

"Nitaandika barua kila kanisa," Padre alisema. Aliandika kweli. Nilizinakili mimi mwenyewe kwa mkono. Sijui ni wangapi walizisoma. Kitabu kina jalada. Barua ni karatasi.

Majeraha ya mjomba yalipona juu, ndani hayakupona. Alianza kukojoa damu. Masika yalipoanza, dada alishuka tena, na safari hii alitua mzigo, akakaa kizingitini, nikajua.

Nilikwenda kwa yule Banyani kununua bafta nyeupe ya sanda. Alinipimia, halafu akaniuliza nani amefariki. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote mjini habari ya neno lile. Nilimwambia yeye, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake, kitambaa mkononi. Labda kwa sababu hakuwa wa dini yangu wala ya Padre wala ya mjomba.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ulipokuja kuniuliza maneno," alisema, "hukuniuliza karma."

"Ni nini?"

"Ni kazi. Basi. Jambo ulilolifanya kwa mkono wako." Akavuta droo moja ya viungo, akaninusisha. "Humu niliweka mvuje miaka mitano iliyopita. Nimeosha, nimeanika juani, nimeweka iliki. Bado inanuka mvuje. Sikwambii ili nikuumize, Mwalimu. Nami ninazo droo zangu."

"Na mtu hufanyaje?"

"Hufanya kazi nyingine," alisema. "Nzuri zaidi. Polepole." Kisha akaniambia kwamba kila mwaka, katika siku za wafu wao, yeye humwekea marehemu mkewe wali na ufuta, na kunguru huja wakala. Alisema hivyo akikunja bafta, bila kuniangalia.

Nilipanda nikirudia jambo hilo moyoni. Mimi mwenyewe, kila mwaka, nilikuwa nikila pilau katika hitima za watu mjini, tukisoma na kuomba thawabu zimfikie marehemu, na mwenye nyumba akifurahi kana kwamba marehemu ameketi nasi. Sikuwahi kuitafutia hitima neno katika safu ya tatu.

Mjomba alizikwa katika kile kilichobaki cha msitu, ubavuni mwa mama. Bafta waliipokea. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa kumchagua wa kushika nafasi yake. Nilikaa ukingoni, nimejiandaa kukataa. Nilikuwa nimetunga maneno ya kukataa kwa adabu: kwamba mimi ni Mwislamu, kwamba siwezi kutambika, kwamba nawashukuru. Hawakuniuliza. Walimtazama kila mmoja aliyekuwapo na macho yao yakapita juu yangu kama yanavyopita juu ya mgeni. Walimchagua kaka yake dada, mtu mkimya, mkulima wa maharage, ambaye hakujua nusu ya maneno ya tambiko kwa sababu hakuna aliyewahi kudhani yatamfikia yeye.

Maneno hayo nilikuwa nayajua mimi. Nilikuwa nimeyasikia utoto mzima nikiwa nimeshika kibuyu. Wazee walipotawanyika nilimfuata yule ndugu nyuma ya nyumba.

"Mimi siwezi kuyasema," nilimwambia. "Lakini naweza kukufundisha, neno kwa neno, kama yalivyokuwa."

"Dini yako inaruhusu?"

"Sijui," nilisema. Na hata leo sijui.

Nilikaa siku nane. Tulikaa katika shamba lake la maharage, mimi nikisema, yeye akifuata, majina ya wazee kwa mpangilio wao, kuanzia wa mbali. Jina la mama lilikuwa la pili kutoka mwisho. La mwisho lilikuwa la mjomba. Sikuandika chochote.

Vita vilipokuja, Wajerumani walipita Morogoro wakirudi nyuma kuelekea milimani, na watu wetu wengi walibebeshwa mizigo na hawakurudi, yule ndugu akiwa mmoja wao. Sijui kama alikuwa amemfundisha mtu mwingine. Waingereza walipoingia waliwakusanya mapadre wa Kijerumani na kuwapeleka pwani. Nilisikia asubuhi, nikaenda stesheni. Padre alikuwa amekaa kwenye behewa la wazi pamoja na wenzake, amekonda, kofia magotini. Askari hakuniruhusu nisogee.

Aliniona. Alisema neno ambalo sikulisikia kwa sababu ya moshi na makelele, nikaweka mkono sikioni, akalirudia, sikulisikia tena. Akatabasamu, akaacha. Gari likaondoka. Nilibaki stesheni mpaka watu wakaisha, halafu nikarudi Mwembesongo kwa miguu, ambako watoto walikuwa wamekwisha kukaa mkekani wakiningoja, na mdogo wao mmoja ameshaanza kusoma alifu peke yake.